Niko Kadi

Mwaka jana mteja ambaye sijawahi kumwona alinipa kazi ya kuandika makala kuhusu poka. Si poka yetu. Poka yetu kila aliyepitia shule ya bweni anaijua: ukitupiwa mbili unaokota mbili, jeki inamruka mtu, malkia anauliza swali, na anayemaliza kadi zake kwanza ndiye mshindi. Ya mteja ilikuwa ile ya Marekani, ya mashindano na pesa nyingi. Alitaka maneno elfu moja kujibu swali moja: mchezaji aliyebaki na chipu chache aziweke zote mezani wakati gani?

Sijawahi kushika chipu. Chipsi ninazozijua ni za kibanda. Lakini kazi ni kazi. Nilikesha katika chumba changu pale Mwembe, Kisii mjini, nikisoma mambo ya watu wa Las Vegas, na kufikia alfajiri nilikuwa nimemsahau mteja. Nilikuwa namfikiria mamangu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Katika mashindano hayo kuna ada ya lazima inayoitwa blaindi. Tuseme ndogo ni 1,000 na kubwa ni 2,000. Kila meza ikizunguka mara moja, umelipa 3,000 hata kama hukucheza karata yoyote. Ukiwa na chipu 20,000, una mizunguko sita, na mwishoni unabaki na 2,000. Na blaindi hupanda kadiri muda unavyosonga, kwa hivyo hata hiyo sita ni ya kujifariji.

Kwa hivyo kusubiri kuna bei. Hapo ndipo methali zetu zinapotuacha njia panda. Subira huvuta heri. Ngojangoja huumiza matumbo. Wazee walituachia zote mbili bila kutuambia ipi ni ya lini. Wacheza poka wamejaribu kujibu: usingoje hadi uwe huna kitu. Ukiweka 20,000 zote, wenzako wataogopa, wengi wataachia karata zao, na utachukua zilizo mezani bila hata kuonyesha ulichoshika. Ukingoja hadi ubaki na 4,000, hakuna wa kukuogopa. Aliyelipa blaindi kubwa anahitaji kuongeza 2,000 tu ili agombee 7,000, na atakufuata hata na karata mbovu. Ujasiri wako utakuwa umechelewa.

Kuna kitabu cha wanahisabati wawili, Lester Dubins na Leonard Savage, kilichotoka mwaka 1965, kinachosema jambo linalofanana na hilo. Kama mchezo wenyewe umeelemea upande wa adui yako, na lazima ufikie kiasi fulani, kuweka dau kubwa mara chache ni bora kuliko kudonoadonoa. Niliposoma hivyo niliwakumbuka vijana wa stendi ya Kisii. Mwaka 2017 Mkenya mmoja alishinda zaidi ya Sh milioni 220 kwa kubashiri mpira, na tangu hapo kila kijana ana tiketi ya kuomoka kwenye simu. Hamsini leo, hamsini kesho. Wanajiona waangalifu kwa sababu dau ni dogo. Ukweli ni kwamba wanaliwa polepole, na la busara zaidi lilikuwa kutokaa kwenye meza hiyo kabisa.

Sasa nije kwangu.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Mamangu anachuma majani chai Nyamira, kipande kidogo ambacho ukisimama katikati unaona mipaka yote minne. Majani hulipwa kidogo kila mwezi, halafu bonasi huja mara moja kwa mwaka, karibu Oktoba. Kwetu bonasi ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo deni la duka. Oktoba ile alinitumia Sh 38,000. Nilikuwa nadaiwa karo ya Sh 71,000, na bila kuimaliza singeingia chumba cha mtihani.

Nilikaa na hiyo pesa wiki mbili. Kodi ikachukua yake, chakula kikachukua chake. Sikuwa najua neno blaindi wakati huo, lakini nilikuwa nazilipa. Nilipiga hesabu: kufikia Desemba ningekuwa sina karo, sina mtihani, sina hata nauli ya kurudi nyumbani. Rafiki yangu mmoja alikuwa anaandika makala za mtandaoni na analipa kodi vizuri. Nikanunua laptopu ya mtumba kwa Sh 30,000, nikaacha chuo, nikaanza kuandika.

Ukinipima kwa hesabu ya poka, sikukosea. Niliweka zote nikiwa bado nina za kutosha. Laptopu hiyo ndiyo ninayoandikia haya. Sijaomoka, lakini nakula, nalala ndani.

Kosa lilikuwa kwingine. Sikumwambia mama.

Nilijiambia nitamwambia mambo yakikaa sawa. Januari alikopa kwenye chama chao ili anilipie semista iliyofuata. Aliweka bonasi ya mwaka mzima uliofuata kama ahadi. Nilipokea ile pesa, nikasema asante. Yaani mimi nilishaondoka mezani na yeye bado alikuwa anaendelea kunilipia blaindi.

Aprili nilishindwa kuendelea. Nilipanda probox hadi Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapokutana, nikachukua boda hadi nyumbani. Nilimkuta ametoka kupeleka majani, kapu liko mgongoni. Nilimweleza yote. Nilitarajia alie kuhusu chuo. Hakulia. Akaniuliza, "Na ile ya chama?" Nikanyamaza. Akasema, "Baba, ungeniambia Oktoba. Pengine hata mimi ningesema ununue hiyo mashini. Lakini nimekopa watu nikiwaambia mtoto wangu anasoma."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo bado inanisumbua. Sikuwa nimeweka zangu tu. Nilikuwa nimeweka na jina lake mbele ya wanawake anaokaa nao kila wiki, na yeye hakujua yuko mezani.

Wacheza poka husimulia kisa cha Jack Straus, bingwa wa dunia wa mwaka 1982. Inasemekana alisukuma chipu zake zote, akapoteza, akasimama kuondoka, kisha akakuta chipu moja imejificha. Kwa kuwa hakuwa ametamka kwamba anaweka zote, aliruhusiwa kuendelea, na akashinda mashindano. Kisa kitamu. Lakini Straus aliokolewa na kutotamka, na chipu zilikuwa zake. Mimi kutotamka kulimmaliza mtu mwingine.

Poka yetu ya bweni ina sheria ambayo ile ya Marekani haina. Ukikaribia kumaliza lazima utangaze: "Niko kadi." Ukimaliza bila kusema, ushindi wako haukubaliwi na unaokota. Kusema kuna hatari, kwa sababu wote watakutupia mbili na tatu wakuzuie. Ndiyo maana tulipokuwa wadogo tulikuwa tunanong'ona au tunakohoa juu ya hilo neno. Hata hivyo sheria ilibaki, kwa sababu mchezo ni wa wote walioketi.

Kwa ardhi tayari tunafanya hivyo. Mtu wa hapa hawezi kuamka asubuhi akauza shamba ili ampeleke mtoto Ghuba. Kuna mkutano wa nyumbani, kuna kibali cha bodi ya ardhi, mke au mume lazima akubali. Ni usumbufu, na kuna nafasi nzuri zimepotea wakati wajomba wakibishana. Lakini karo haina bodi. Pesa ikishaingia kwenye simu ya mtoto, bodi ni dhamiri yake.

Najua utasema: ningemwambia, angekataa, na leo ningekuwa sina chuo wala laptopu. Inawezekana. Sina jibu la kukushinda hapo. Ninachojua ni kwamba hesabu ya lini nilikuwa nimeipata vizuri, na bado nilifanya vibaya. Mtu anaweza kuchagua saa nzuri kabisa ya kuweka zote na akawa anaweka za wengine.

Lile deni tulilipa pamoja miezi kumi na moja, mimi nikituma na yeye akipeleka mwenyewe chamani. Wiki hii nina Sh 18,000 na wazo jingine, na kodi inakuja tarehe tano. Jumapili nitapanda probox. Nitamwambia nataka kufanya nini na nikipoteza tutabaki na nini, kisha nimsikilize. Akinitupia mbili, nitaokota.