Aliyesimama Pembeni

Ramadhani iliyopita nilipewa kazi ya kutengeneza bango la shukrani baada ya futari yetu ya Nyamirambo. Nilikuwa na picha moja nzuri: wanafunzi wameketi mkekani, tende mbele yao, mwanga wa jua linalozama usoni. Pembeni kulikuwa na majiko mawili ya mkaa, moshi, na masufuria yenye masizi. Nikakata upande ule. Picha ikatulia, kila mtu akaisifu.

Siku tatu baadaye mama aliyetupikia aliiona ukutani. Akaitazama kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, kwani mimi sikuwapo?"

Alikuwapo. Alikuwa ameinama nyuma ya sufuria, na nilipoondoa moshi nikamwondoa naye. Wallahi, wakati wa kukata sikumwona hata kidogo.

Nikamwambia nilitaka tu picha ipendeze. Jibu hilo si geni. Januari 2020, huko Davos, Uswisi, Vanessa Nakate wa Uganda alipigwa picha pamoja na wanaharakati wenzake wanne wa mazingira, akiwamo Greta Thunberg. Mwafrika alikuwa yeye peke yake, naye alisimama pembeni. Picha iliyosambazwa na shirika la habari la Associated Press ilikuwa na Wazungu wanne na milima ya theluji. Shirika likaeleza kwamba jengo lililokuwa upande wake liliharibu mpangilio wa picha, na kwamba hapakuwa na nia mbaya. Baadaye likaomba radhi. Nakate akasema iliyofutwa si picha tu, ni bara zima. Kuna waliomshauri siku nyingine asimame katikati (ajabu kweli, aliyekatwa ndiye ajirekebishe!).

Katika picha zote mbili hakuna uongo. Wale wanne walikuwapo Davos, na tende zilikuwapo Nyamirambo. Lakini sisi tunaosoma elimu ya hadithi tunaijua tadlisi: msimulizi anaruka jina la mtu katika isnadi, anatumia tamko linalomfanya msikilizaji adhani alisikia moja kwa moja. Huenda hakutamka uongo wowote, na bado wanazuoni walimkemea. Na yule mfanyabiashara ambaye Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika lundo lake la chakula akakuta majimaji chini, alijitetea kwamba ni mvua. Na huenda ilikuwa mvua kweli. Aliulizwa kwa nini basi hakukiweka kilicholowa juu watu wakione.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga. Kila picha ni kukata, alisema, kwani hata kamera haioni nyuma yake. Tena kuna kukata ambako ni sitara: tunapogawa sadaka, kuuondoa uso wa anayepokea ni kumhifadhia heshima yake. Hayo yote nakubali. Kisha akaongeza kwamba matendo huenda kwa nia, na nia yangu ilikuwa safi.

Hapo tuliachana. Mafakihi wanasema ukimvunjia mtu chungu chake kwa bahati mbaya, huna dhambi, lakini unalipa. Dhamana inabaki shingoni. Mama yule alikuwa na haki katika ile picha, nami niliipoteza, iwe kusudi au si kusudi. Isitoshe, siamini tena kwamba ilikuwa bahati mbaya tupu. Jicho langu lilikuwa limeshazoea kwamba walioketi ndio futari, na anayepika ni sehemu ya moshi. Moyo wa aliyeikata ile ya Davos siujui, ila wangu naujua.

Nikachapisha picha nzima, masizi na yote, nikampelekea nyumbani. Akacheka. Halafu akaonyesha kwa kidole kanga yake iliyojaa unga.

"Sasa hata hii, mwanangu, ungeniuliza kwanza."