Ramani ya Nyumba ni Ushahidi

Anayepima chumba ili akipanue hudhani anahesabu tu. Mimi naona anatoa ushahidi. Chukua chumba cha mabati huko Biliqo, kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya, mita 3 kwa 4. Mistari ya pembe kwa pembe ikitoka mita 5 yote miwili, chumba kimekaa sawa. Mmoja ukiuzidi mwenzake hata kwa shubiri, kuta zimekwenda upande. Fundi mwenye haraka huandika 5 kote, mchoro ukapendeza, na mabati mapya yakakatwa kwa kipimo cha chumba kisichokuwepo. Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, imepewa jina la wanaopunja vipimo. Wengi huisoma wakifikiria mizani ya dukani, lakini futi ya fundi nayo ni mizani.

Atauliza mtu: mbona wanawake wa Kiborana wamejenga nyumba za mviringo za fito, vizazi na vizazi, bila karatasi? Kweli kabisa. Ila kukosa karatasi si kukosa kipimo. Fito zile zile hupakiwa mgongoni mwa ngamia na kusimamishwa malisho mengine, kwa hiyo urefu wake ndio ramani yenyewe. Lamu nako, upana wa vyumba vya nyumba za mawe uliamuliwa na boriti za mikoko, mita 3 hivi au pungufu. Boriti fupi haifiki ukutani, hata useme nini. Karatasi hukubali lolote. Basi fundi na aiandike shubiri ile, hata ikimharibia mchoro.