Kuta za Montségur ni za Nani?

Wageni wanaopanda mlima wa Montségur, kusini mwa Ufaransa, hufika kwenye kilele chenye urefu wa mita 1,207 na kuingia katika ngome isiyo na paa. Wengi huenda kuwakumbuka Wakathari, Wakristo waliohukumiwa na Kanisa kuwa wazushi, ambao zaidi ya 200 kati yao waliteketezwa kwa moto chini ya mlima huo tarehe 16 Machi 1244. Huzuni ya wageni hao ni ya kweli, ila kuta wanazozishika hazikuwahi kuwahifadhi Wakathari. Ngome ambayo Raymond de Péreille, bwana wa mahali hapo, aliijenga upya kwa ombi lao, mwanzoni mwa karne ya 13, ilibomolewa baada ya kutekwa. Gofu linaloonekana leo ni la ngome iliyojengwa baadaye na upande ulioshinda. Kwa maoni yangu, anayezuru mahame ana wajibu wa kuuliza mawe yaliyosimama ni ya nani kabla ya kuyalilia, kwa sababu heshima isiyojali ukweli huwapotezea marehemu hata kile kidogo walichobakiwa nacho.

Kipo walichobakiwa nacho, ingawa hakivutii wapiga picha. Chini ya kuta, kwenye miteremko mikali, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua misingi ya nyumba ndogo zilizobanana, na vitu vilivyopatikana vimewekwa katika makumbusho ya kijiji. Kuna pia maandishi ya mahakama ya Kanisa, yaani mahojiano ya walionusurika. Humo tunakuta kwamba ngome iliposalimu amri, baada ya kuzingirwa tangu Mei 1243, waliokuwa ndani walipewa takriban wiki mbili za kusitisha vita. Ambaye angeikana imani yake angeachwa hai. Ndani ya muda huo watu wapatao ishirini, baadhi yao askari ambao wangeweza kuondoka salama, waliomba kuwekewa mikono na kuingizwa katika daraja la watawa wa Kikathari, wakijua kwamba kufanya hivyo ni kuchagua moto. Corba, mke wa Raymond, alichomwa pamoja na binti yao Esclarmonde. Raymond mwenyewe alibaki hai, akaketi mbele ya mahakimu na kujibu maswali yao. Hakuna ukuta unaoweza kutueleza hayo, na inauma kwamba tunayajua kupitia kalamu ya watesi.

Mtu anaweza kusema: kosa la ukuta lina madhara gani, ikiwa moyo wa mgeni ni safi? Madhara yapo, na yameshaonekana. Mwaka 1933 Mjerumani Otto Rahn alichapisha kitabu kilichoifungamanisha Montségur na hekaya ya kikombe kitakatifu. Miaka mitatu baadaye alijiunga na SS, kikosi cha Wanazi kilichoongozwa na Himmler. Pale ambapo hatuulizi ushahidi, yeyote anaweza kuja na ndoto yake na kuwavisha waliokufa. Watu waliokufa kwa kukataa kusema wasichokiamini wakageuzwa pambo la imani za wengine.

Wengine watapinga kwamba hata wakazi wa ngome hiyo hawakuwa malaika. Ni kweli. Mwezi Mei 1242 wapiganaji kutoka Montségur walikwenda Avignonet wakawaua mahakimu wa Kanisa na wasaidizi wao, na mauaji hayo yalichochea kuzingirwa kwa ngome. Jambo hilo halipaswi kufichwa, wala halihalalishi kuwachoma wanawake na wazee ambao hawakuwahi kushika upanga. Anayewaheshimu kweli atayabeba yote mawili. Mimi ningemshauri mgeni aanzie kijijini, kwenye makumbusho, aangalie vichwa vya mishale na vyombo vya nyumbani, kisha apande akitazama ile misingi ya nyumba njiani, na kilele akiache kiwe cha mwisho.