Mifupa ya Mama Nguruwe

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliikumbuka sheria ya Musa inayokataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka, kisha akauliza kama kweli Mungu anajishughulisha na ng'ombe. Alivyoona yeye, sheria ile iliwekwa kwa ajili ya watu. Mimi ni mzee wa kanisa la Moravian hapa Mbozi, na nafuga nguruwe. Namheshimu Paulo, ila kwenye swali lile nabaki upande wa ng'ombe. Na wa nguruwe pia, hata kama Mambo ya Walawi inamhesabu kuwa najisi.

Nguruwe hubeba mimba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Wakati huo kilo mbili hadi mbili na nusu za chakula kwa siku zinamtosha. Ukizidisha ananenepa na kuzaa kwa shida. Akishazaa, mambo yanageuka. Mwenye watoto kumi anataka kilo tano na zaidi, na si pumba tupu, maana pumba za mahindi karibu hazina kalsiamu. Ndiyo sababu tunachanganya mashudu ya alizeti, dagaa, unga wa mifupa, chokaa ya mifugo, chumvi kidogo na premiksi. Chuma ni habari nyingine: hata umlishe mama vipi, maziwa yake hayabebi chuma cha kutosha, kwa hiyo watoto huchomwa sindano wakiwa na siku tatu hivi.

Linalonifikirisha ni kalsiamu. Ukimnyima, maziwa hayaonyeshi upungufu. Mwili wake unaichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Watoto wananawiri, mfugaji anafurahi, na mama anakwisha ndani kwa ndani, mpaka siku moja miguu ya nyuma inashindwa kumnyanyua. Kwa hiyo dagaa ninaowatia kwenye hori si sadaka. Yeye ameshatoa, mimi nalipa.

Mdogo wangu, ambaye ndiye mshika daftari, hunicheka. "Dada, hiyo siyo haki, ni biashara. Unamlisha kwa sababu watoto wake unawauza." Ana hoja. Mama aliyelishwa vizuri hurudi kwenye joto mapema baada ya kuachisha, na uzao unaofuata huwa mzuri. Wema na faida vikiongozana, ni vigumu kujua kipi kinamwongoza mwenye banda, hata yeye mwenyewe asijue.

Vinaachana kwa nguruwe mzee. Ninaye mmoja ambaye uzao huu ni wake wa mwisho. Watoto wakiachishwa, atakwenda kwa muuza kitimoto. Kwa hesabu za mdogo wangu, dagaa na unga wa mifupa viishie hapo. Maziwa yatatoka vilevile, na mnunuzi anapima kilo, hapimi mifupa imebaki na nini. Hesabu hiyo haina kosa.

"Sasa unampa ya nini?"

"Kwa sababu bado ananyonyesha."

Wapo watakaoniuliza: mnyama utakayemchinja mwezi ujao, unamtafutia haki gani leo? Swali zito. Lakini Nuhu alipopewa ruhusa ya kula nyama baada ya gharika, aliwekewa mpaka: asile nyama pamoja na damu yake, ambayo ndiyo uhai wake. Walimu wa Kiyahudi waliuunganisha mpaka huo na katazo la kula kiungo kilichokatwa kwa mnyama aliye hai. Mimi nausoma nikiwa bandani. Mfugaji anayeacha maziwa yachotwe kwenye mifupa ya nguruwe wake ameanza kumla kabla ya kumchinja, na ruhusa ya Nuhu haifiki huko.

Fedha ya dagaa wa majuma haya ya mwisho hairudi, na mdogo wangu ameiandika kama hasara. Sijamwambia afute. Ingerudi, nisingejua kama nimetenda haki au nimefanya biashara tu.