Starehe ya Mwenye Kidogo

Lipo swali ambalo watu wa rika langu hulikwepa: je, mtu mwenye kipato kidogo ana haki ya kustarehe mahali palipotengenezwa kwa ajili ya matajiri? Sisemi haki ya kisheria tu. Nasema haki mbele ya ndugu zake, mbele ya wenyeji wa mahali hapo, na mbele ya nafsi yake mwenyewe.

Swali hili lilinikabili nilipotangaza nyumbani kwamba mimi na mke wangu tungesafiri kwenda Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja. Siku hizi hoteli za kifahari zimejipanga ufukweni hapo, na wageni kutoka Ulaya huteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa. Mdogo wangu, ambaye ni mfugaji, alinitazama kwa huruma. "Kaka," alisema, "fedha hiyo ungenunulia mtamba. Ng'ombe anazaa. Bahari inazaa nini?"

Kwetu Usukumani hoja hiyo si ya mzaha. Ng'ombe ni mahari, ni matibabu, ni heshima ya mtu. Mstaafu anayepanda basi karibu kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam, kisha meli, ili tu akatazame maji, huonekana ama amepungukiwa akili ama ameficha hazina. Michango ya shule ya wajukuu nilikuwa nimekwisha kuilipa, wala sikukopa. Bila mambo hayo mawili nisingekuwa na la kujibu, kwa sababu wajibu hutangulia starehe. Lakini wajibu ukishatimizwa, je, starehe ni dhambi?

Kizazi changu cha walimu kililelewa na Elimu ya Kujitegemea, waraka alioutoa Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Tuliwafundisha watoto kushika jembe pamoja na kalamu, na jambo hilo lilikuwa jema. Ila sikumbuki somo hata moja lililomfundisha mtu kupumzika. Matokeo yake nayaona katika ukanda wetu wa dhahabu. Kule Nyarugusu, mkoani Geita, kijana hushinda miezi ndani ya duara akiishi kwa shida. Siku mawe yake yakitoka karashani na kuonyesha dhahabu, fedha humalizikia baa kwa juma moja. Cha mlevi huliwa na mgema. Kosa la kijana huyo si kupenda raha. Kosa ni kwamba hajui raha nyingine isipokuwa ile inayonunuliwa, na fedha ikiisha, raha nayo imekwisha.

Hapo ndipo ninapotenganisha kununua na kufaidi. Kwa miaka mingi niliwafundisha walimu wanafunzi habari za maji kupwa na kujaa. Nilichora ubaoni jua, mwezi na dunia, nikaeleza bamvu na maji mafu, na mimi mwenyewe nilikuwa sijapata kuona maji yakipwa. Ziwa Victoria, ambalo ndilo tulilolizoea, halina jambo hilo la kuonekana kwa macho. Paje, siku za mwezi mpevu, niliiona bahari ikirudi nyuma hadi wimbi likabaki mstari mweupe kwa mbali. Wanawake walishuka na kamba zao kwenda kwenye mashamba ya mwani, kilimo cha biashara kilichoanza pwani hiyo mwaka 1989. Mwani huo husafirishwa ng'ambo na kutumika hata katika dawa ya meno. Baada ya saa sita hivi, pale walipokuwa wameinama palikuwa na maji marefu. Kesho yake nilitazama saa, nikaona yamechelewa kiasi cha dakika 50, kama vitabu vinavyosema. Kutazama hayo sikutozwa hata senti moja. Tulilala nyumba ndogo ya wageni kijijini, tukala wali na pweza kwa mama ntilie. Tajiri wa hoteli ya jirani hakuiona bahari kubwa kuliko niliyoiona mimi.

Hata hivyo, lipo jambo gumu kuliko nauli, nalo ni aibu. Sisi wa Shinyanga tumekua tukiijua senyenge. John Williamson aligundua almasi Mwadui mwaka 1940, na mji wa mgodi uliojengwa pale ukazungushiwa uzio. Ndani mlikuwa na nyumba nzuri na bustani, na sisi wengine tulipita kwa nje. Mtu akizoea hivyo tangu utotoni, senyenge humwingia moyoni, hata afike mahali pasipo na uzio atajisimamisha mwenyewe. Mbele ya hoteli moja kijana mlinzi alinijia. "Shikamoo mzee. Unamtafuta nani?" "Marahaba, mwanangu. Simtafuti mtu, natazama maji." Akacheka, akaniomba tu nisikalie vitanda vya wageni wao. Lilikuwa ombi la haki. Vitanda ni vyao. Lakini Zanzibar ardhi ilifanywa mali ya umma baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na mwenye hoteli ni mpangaji. Mchanga ule hupitwa na wavuvi na wakulima wa mwani kila siku. Nani angenizuia mimi kupita, isipokuwa woga wangu?

Lakini haki haiji peke yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni mwenye kidogo asijifanye tajiri, maana deni humngoja nyumbani. Tena asiitafute nafuu yake mgongoni mwa aliye chini yake. Nimewaona watu wakimbana bei muuza madafu hadi anasonya, kisha wakajisifu kwamba wanajua kusafiri. Huo si ubanaji wa matumizi, ni unyang'anyi mdogo. Mwenye kidogo apunguze vitu anavyotaka, asipunguze malipo ya jasho la mwenzake. Na awe na muda: huo ndio utajiri wa mstaafu, na bahari huwapendelea wenye muda.

Najua wapo ambao hata nauli ya kufika Dar es Salaam ni ndoto, na kwao maneno haya yanaweza kusikika kama majivuno. Nawaambia kwamba ufukwe wa Ziwa Victoria pale Mwanza, penye mwamba wa Bismarck, ni safari ya saa chache kutoka Shinyanga. Mpeleke mtoto siku moja, mkae jioni mtazame jua likizama, mrudi. Mfundishe mapema kwamba mahali pazuri hapaulizi kwanza una kiasi gani mfukoni. Akija kupata dhahabu ukubwani, atajua la kufanya nayo; na asipoipata, hatakuwa amekosa kila kitu.