Mpe Dizaina Tatizo Lako

Mwaka 1986 Steve Jobs, akiwa ameondoka Apple na kuanzisha kampuni ya NeXT, alimwendea Paul Rand, mchoraji wa nembo ya IBM, amchoree nembo. Alitaka aletewe michoro kadhaa achague. Rand alikataa: angeleta mmoja tu, na dola 100,000 zingelipwa hata usipotumika. Jobs alimweleza kwamba kompyuta yake ingekuwa na umbo la mchemraba, na Rand akachora mchemraba ulioinama, akaambatanisha kijitabu kinachoeleza sababu za kila hatua. Nembo ikakubaliwa.

Mtu atasema hayo ni ya matajiri, na kwamba anayelipa ana haki ya kuchagua rangi za bango lake. Haki hiyo anayo. Lakini kilichomfaa Rand zaidi ya dola ni kuelezwa jambo lenyewe, kisha kuachiwa nafasi ya kufikiri. Mteja anayeamuru "kuza nembo, weka nyekundu" amenunua mikono tu. Anayesema "wapita njia hawaioni namba ya simu" amenunua na akili, na huenda dawa ikawa kupunguza maneno yanayoisonga namba hiyo. Ni kweli wapo madizaina wanaojipendezesha wenyewe. Hao nao watapimwa kwa tatizo lile lile, maana namba ama inaonekana ama haionekani. Basi kabla ya kuagiza kazi, andika nani ataisoma, ataisomea wapi, na unataka afanye nini akishaisoma.