Mnyama Aliyezungushiwa Ua: Je, Ni Windo?

Suala hili limetujia kutoka kwa ndugu yetu mmoja wa hapa Kisumu, ambaye mwanawe yuko Marekani kwa kazi. Kijana huyo alialikwa na mkubwa wake wa kazi kwenda kuwinda katika shamba la mtu binafsi. Alilipiwa fedha, akapewa kiongozi na bunduki, akakalishwa ndani ya kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, na hazikupita saa mbili ila alikwisha kumwangusha dume la kulungu lenye pembe za matawi. Asema kwamba alitaja jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kufyatua. Akapiga picha, akamletea baba yake, na akauliza: nyama ile ni halali? Mzee alipokwisha kuitazama picha kwa muda, alituletea suala la mwanawe pamoja na lake mwenyewe, nalo la kwake ni zito zaidi: "Je, huku ndiko kuwinda?"

Darasa letu lilikaa juu ya masuala haya mawili siku tatu baada ya sala ya Isha, wala hatukuafikiana sote. Twayaandika hapa yale tuliyoyaona, na msomaji mwenye kauli iliyo bora na atuletee.

Yafaa kwanza msomaji ajue mashamba hayo yalivyo. Mwenye shamba hufuga au hununua kulungu, na yule kulungu mkubwa wa kule, ambaye dume lake hufikia uzito wa ng'ombe, akawazungushia ua wa waya mrefu kupita kimo cha mtu, hata wasiweze kuuruka. Mahali pengi huwawekea vyombo vya kumwaga mahindi kwa saa maalumu, wakazoea kuja. Kiongozi awajua mmoja mmoja. Ajua njia zao, ajua saa zao za kula na za kulala. Mgeni hulipa kwa ukubwa wa pembe. Pembe hizo huanguka na kuota upya kila mwaka, nazo hupimwa kwa utepe kama fundi apimavyo kanzu, na kadiri zilivyo ndefu na nyingi matawi ndivyo bei ipandavyo. Nyama mgeni aweza kuichukua au kuiacha. Si mashamba yote yalivyo hivyo, na yako makubwa yasiyo na ua kabisa, ambamo mtu aweza kutembea siku tano na kurudi mikono mitupu. Lakini la kijana wetu lilikuwa na ua.

Ama kuwinda kwenyewe, asije mtu akatuambia kwamba dini yakuchukia. Kurani katika sura ya Al-Maida imehalalisha windo, hata lile lililokamatwa na mbwa aliyefundishwa, na ikalikataza kwa aliyehirimia Haji. Masahaba waliwinda. Lakini Mtume (S.A.W.) alikataza kukifanya chenye roho kuwa shabaha, akakataza wanyama wafungwe kisha wapigwe mpaka wafe, na yamepokewa maonyo juu ya mwenye kumuua hata shomoro kwa mchezo tu. Basi jambo lenyewe ni halali, na mlango wake umewekewa walinzi.

Tena kuna jambo ambalo wengi wetu twalisoma kwa haraka katika vitabu vya fiqhi. Kwa nini mbuzi hana budi achinjwe kooni, na swala wa porini atosheka na jeraha la mshale popote limpatapo? Si kwa sababu huyu ni swala na yule ni mbuzi. Ni kwa sababu swala hashikiki. Imepokewa kwamba ngamia mmoja alikimbia, watu wakashindwa kumkamata, mtu mmoja akampiga mshale, na Mtume akaliruhusu jambo hilo. Ngamia wa kufugwa alichukua hukumu ya mnyama wa mwituni alipokuwa hawezekani tena. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kinyume chake vilevile: mnyama wa mwituni akiwa yumo mikononi mwa mtu, au yumo mahali pa dhiki asipoweza kuponyoka, hukumu yake ni ya mbuzi. Ruhusa ya kuwinda imetoka katika uwezo wa mnyama wa kukimbia. Ukimwondolea uwezo huo, umeiondoa na ruhusa.

Hapa ndugu yetu mmoja, ambaye ni mwalimu wa skuli, alitupa mfano ulio karibu na nyumba zetu. Sote twawajua swala pala wa pale ufukoni mwa Ziwa, katika hifadhi ndogo iliyotangazwa mwaka 1992, ambako huwapeleka watoto siku ya Idi. Lau mtu angelipa fedha, akaingia langoni pale na bunduki, akampiga swala pala aliyezoea watoto, kisha akatoka akijiita mwindaji, mji mzima ungemcheka, kuanzia Kondele hadi Dunga. Vyema. Basi tuupanue ua. Tuufanye mara kumi, mara mia, mara elfu. Ni lini kicheko kitakoma? Mwalimu alisema hakuna mpaka, na kwa hivyo kicheko chetu ni desturi tu wala si hoja. Sisi wengine twaona mpaka upo, na fiqhi imekwisha kuuweka: hauhesabiwi kwa ekari, bali kwa suala moja, je, mnyama huyu ashikika bila ya msako? Kwamba mpaka una ukungu hakumaanishi kwamba haupo. Alfajiri nayo ina ukungu, na watu hufunga saumu kwayo.

La ajabu ni kwamba wawindaji wa Marekani wenyewe wameifikia kauli iliyo jirani na hiyo. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wao, alikuja Kenya mwaka 1909. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512 katika safari yao ya Afrika, wengi wao kwa ajili ya majumba ya makumbusho, na mwezi wa Desemba wakateremka kwa treni hapa Kisumu na kuvuka Ziwa kwa meli hadi Entebbe. Mtu wa kuua wanyama 512 hatuwezi kumwita mwenye huruma nyingi. Lakini chama cha wawindaji alichokianzisha pamoja na wenzake mwaka 1887, ambacho kingalipo na huandika daftari la pembe kubwa, hakikubali kuiandika pembe ya mnyama aliyeuawa ndani ya ua asioweza kuutoka. Na katika jimbo la Montana, mwaka 2000, watu walipiga kura wakapiga marufuku kutoza fedha ili mgeni ampige risasi mnyama wa kufugwa katika mashamba ya namna hiyo. Hao ni watu wanaopenda kuwinda.

Mwalimu hakunyamaza. Alisema: nyinyi hufuga mbuzi, mkamfunga kamba, mkamlisha kwa mkono, na siku ya Idi mkamchinja kwa furaha. Kulungu wa shambani ameishi vizuri kuliko mbuzi wenu, na risasi ikipiga sawasawa hufa upesi. Dhuluma iko wapi?

Hoja hiyo ni kweli kwa nusu yake, na ilitulaza macho. Twakiri kwamba upande wa maumivu pengine kulungu ana nafuu. Lakini mwenye kuchinja mbuzi hadai kwamba amemshinda. Hamwambii jirani, "Nimempata." Anunua nyama, na bei ni ya nyama, nasi tumeamrishwa tunoe kisu, na hatupendi mnyama akione. Yule wa shambani haninunui nyama wala pembe, kwani pembe zilizokwisha kuanguka zaokotwa na kuuzwa. Anunua jina. Ataka aitwe mwindaji na watu wasioujua ule ua, na ndiyo maana ua hauonekani katika picha. Mtume (S.A.W.) amemfananisha mwenye kujipamba kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uwongo. Sisi twaona kosa la shamba lile liko karibu na uwongo zaidi kuliko ukatili, na roho imetolewa ili uwongo upate kutundikwa ukutani.

Imebaki hoja iliyo nzito kupita zote, nayo ni ya manufaa. Namibia, ilipokuwa ingali chini ya Afrika ya Kusini, sheria za miaka ya 1960 na 1970 zilimpa mwenye shamba haki ya kunufaika na wanyama walio katika ardhi yake, nao wakaongezeka kwa kuwa walikuwa na thamani kwake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Je, tumewaokoa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 juu ya nyanda za malisho za nchi hii ulionyesha kwamba wanyama wakubwa wa mwituni walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka ule wa marufuku. Hakuna mgeni mwenye kibali aliyewaua hao. Mashamba yamewala, na ng'ombe, na kondoo, na mitego yetu.

Tuwatazame korongo wa Bonde la Lambwe, upande wa Homa Bay. Ni swala mkubwa, uso wake mweusi kwa mweupe, pembe zake zimejipinda nyuma. Bonde lile lilitengwa mwaka 1966, likafanywa hifadhi ya taifa ya Ruma mwaka 1983, na katika Kenya nzima hawakubaki korongo wengine wa mwituni ila hao. Zamani mbung'o na ugonjwa wa malale viliwazuia watu kulima huko. Mtu aweza kusema mbung'o alikuwa askari wao. Katika hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 korongo hawakufika hata ishirini. Mtego wa waya haukumtegea yeye. Ulitegewa mnyama mwingine, na aliyeutega alikuwa na watoto wenye njaa. Yeye ana dharura ambayo mgeni wa shambani hana. Lakini waya hauchagui, nao humshika mnyama mguu au shingo mchana na usiku hata mwenyewe arudi, na hiyo ndiyo hali hasa ya mnyama aliyefungwa afe. Hatuwezi kumlaumu Mmarekani kwa ua wake na kuunyamazia waya ulio jirani nasi, kwa kuwa tu aliyeutega twasali naye au twanunua kwake nyama jioni bila ya kuuliza imetoka wapi.

Kwa hivyo hatusemi kwamba fedha ya mwindaji ni najisi. Mahali ambapo mnyama yu huru, na nyama yaliwa, na fedha yamlinda aliyebaki, twaona hilo lina njia katika sheria, hata kama sisi wenyewe hatulipendi. Lakini manufaa ya fedha hayawezi kumgeuza mnyama wa uani kuwa windo.

Ama suala la kijana, tulimwandikia tukamwuliza ua ulikuwa na upana gani. Amejibu kwamba hajui, ila kulungu alikuwa akila mahindi alipompiga, na kwamba kiongozi aliwataka wakae nusu saa kibandani kabla ya kumfuata, ndiyo desturi yao, wakamkuta amekwisha kufa. Wanavyuoni humtaka mwindaji amuwahi mnyama wake, kwani akimkuta angali hai hana budi amchinje. Ikiwa mahali pale palikuwa padogo, basi ni mzoga. Ikiwa ni pakubwa, ni windo. Watatu kati yetu walisema ni halali, wanne wakasema kuna shubha na aiache. Tumempelekea kauli zote mbili.

Kuhusu kichwa, ambacho fundi wa kule adai malipo ya pili ili akijaze na kukitia macho ya kioo, baba yake amemjibu kwamba nyumba yao ya Kisumu haina ukuta wa kukitundika.